Sura ya Nne: Saa 40 za Wiki

Katika kitabu cha mwongozo wa chuo, mbele ya jina la kila kozi, kuna namba ndogo ambayo wengi wetu huiona wakati wa usajili, tukaijumlisha na nyingine ili tufikishe idadi inayotakiwa, kisha tukaisahau mpaka siku ya matokeo. Ni idadi ya krediti. Kozi hii ina 12, ile 8, nyingine 10. Tangu nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimewasikia wanafunzi wakiiulizia namba hiyo kwa sababu moja tu, kujua kozi ipi ina uzito mkubwa kwenye GPA. Ni sababu nzuri na nitaifikia. Lakini kabla ya kuwa uzito wa alama, krediti ni kipimo cha muda, na anayejua kuisoma hivyo amepata jibu la swali ambalo wengine huhangaika nalo miaka mitatu mizima: nisome kwa saa ngapi?

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Ndani ya saa hizo mna lekcha, semina, maabara, kusoma peke yako, kuandika kazi unazopewa, kujiandaa kwa mtihani na kuufanya mtihani wenyewe. Mwaka mmoja wa shahada una krediti 120, yaani saa 1,200. Ukigawa kwa mihula miwili unapata saa 600 kila muhula, na ukizigawa hizo kwa wiki 15 za masomo unapata saa 40 kwa wiki. Hizo ndizo saa za mtu aliyeajiriwa ofisini, Jumatatu hadi Ijumaa. Walioipanga shahada walimhesabu mwanafunzi kuwa mtu mwenye kazi ya kutwa.

Hesabu hii naipenda kwa sababu ina mwisho. Mwanafunzi anayeamini kwamba kusoma hakuishi hupumzika akijilaumu na husoma akiwa amechoka. Akienda kutazama mechi ya Simba na Yanga, nusu ya akili yake imebaki kwenye madesa, zile nakala za lekcha. Akiyashika madesa, nusu nyingine imeenda uwanjani. Aliyekwisha kuzitimiza saa zake Ijumaa jioni anaimiliki Jumamosi yake kihalali. Anaweza kwenda harusini Bagamoyo, kanisani, kwa shangazi, ufukweni Coco, na hakuna deni linalomfuata. Nimewaona wanafunzi wenye bidii kubwa wakidhoofika kwa kukosa mpaka huo, nami naamini kuwa mpaka ni muhimu kama bidii yenyewe.

Wiki ina saa 168. Ukilala saa 8 kila usiku umetumia 56. Toa 40 za masomo, zinabaki 72. Sabini na mbili! Humo mna kupika, kufua, foleni ya maji, ibada, simu ya mama, mazoezi, mapenzi, uongozi wa serikali ya wanafunzi, na biashara ndogo ya kuuza vocha au kusuka nywele. Ukiziona kwenye karatasi, unaelewa kwamba mwanafunzi wa kawaida anayeishi jirani na chuo hana uhaba wa saa. Anachokosa ni kujua zilikokwenda.

Inafaa kujua kipimo hiki kilitoka wapi, maana hakikuanza kwa kumhurumia mwanafunzi. Mwaka 1905 Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, alitoa fedha za kuanzisha taasisi ya kuwalipa maprofesa pensheni. Chuo kilichotaka walimu wake waingizwe katika pensheni hiyo kilipaswa kupokea wanafunzi ambao masomo yao ya sekondari yamepimwa kwa namna moja, na kipimo kilichokubalika kilikuwa saa 120 za darasani kwa somo moja kwa mwaka. Mwaka 1910 taasisi hiyohiyo ikachapisha ripoti ya mhandisi Morris Cooke, mfuasi wa Frederick Taylor, yule aliyekuwa akipima kazi za viwandani kwa dakika na sekunde. Cooke aliwaza chuo kama kiwanda, akapendekeza kazi yake ihesabiwe kwa saa za mwanafunzi. Ndiyo kusema kwamba muda wa mwanafunzi ulianza kupimwa kwa sababu ya uzee wa mwalimu wake. Miaka mingi baadaye Ulaya, katika mfumo wake wa kuhamisha krediti ulioanza 1989, ilihesabu mzigo wote wa mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na Uingereza nayo inahesabu krediti moja kwa saa 10 kama sisi. Nauona mfumo huu wa pili kuwa wa haki zaidi. Unakiri kwamba saa niliyokaa kwenye kimbweta chini ya mti nikigombana na swali la takwimu ni saa ya chuo kikuu sawasawa na ile niliyokaa mbele ya profesa.

Kwa hiyo kozi ya krediti 12 inadai saa 120 kwa muhula, yaani saa 8 kila wiki. Kama lekcha na semina zinachukua 4, basi 4 ni zako kuzitafutia mahali. Kozi ya krediti 8 inadai saa 5 na dakika kama 20. Fanya hesabu hiyo kwa kila kozi wiki ya kwanza kabisa, kabla ratiba ya majaribio haijatoka, uiandike nyuma ya daftari. Kuna wanaoiona ni hesabu ya kitoto. Lakini muulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili kozi yake ngumu kuliko zote inamdai saa ngapi kwa wiki, usikilize atakavyojibu.

Sasa twende kwenye GPA, maana huko ndiko muda unakogeuka alama. Katika shahada zetu A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa krediti zake, zikajumlishwa, zikagawanywa kwa krediti zote. Daraja la Kwanza linaanzia 4.4, Daraja la Pili la Juu 3.5, la Pili la Chini 2.7, na Pasi 2.0. Mtu akikwambia amepata 3.5 amekwambia jambo kubwa, kwa sababu nafasi nyingi za shahada ya pili na ufadhili hufunguka hapo. Anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi (tutorial assistant) kwa kawaida huhitaji angalau 3.8.

Chukua mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza akiwa na 3.2 kamili. Shahada yake ni ya miaka mitatu, krediti 360. Anataka kumaliza na 3.5. Kwa jumla anahitaji pointi 1,260, na tayari ana 384. Zilizobaki ni 876 kwa krediti 240, kwa hiyo wastani wake wa miaka miwili ijayo uwe 3.65. Ni lengo la mtu mwenye akili timamu: B+ nyingi, B chache, na A pale somo linapomkaa vizuri. Sasa mwache aseme, kama wengi wanavyosema, kwamba mwaka wa pili ni wa kuzoea na wa tatu ndio wa kukaza. Akirudia 3.2 mwaka wa pili, mwaka wa tatu atahitaji 4.1. Lengo ni lilelile na mwanafunzi ni yuleyule, ila gharama imepanda.

Kwa anayetaka 3.8 ni kali zaidi. Baada ya mwaka mmoja wa 3.2 anahitaji wastani wa 4.1 kwa miaka miwili. Baada ya miaka miwili ya 3.2 anahitaji 5.0, yaani A katika kila kozi mpaka ya mwisho. Na Daraja la Kwanza? Aliyemaliza mwaka wa kwanza na 3.2 anahitaji 5.0 miaka yote miwili iliyobaki. Akingoja mwaka wa tatu, mlango umefungwa. Hakuna msuli wala kukesha kunakoweza kuufungua, kwa sababu hesabu haina alama zaidi ya A za kumpa. Ninayaandika haya kwa uchungu. Nimekaa na watu wazuri, wenye vichwa, waliokuja kufanya hesabu hii wakati haina tena la kuwasaidia. Kila mwanafunzi anastahili kuifanya mapema, kwa namba zake mwenyewe, kwenye karatasi ya nusu ukurasa. Hata aliye na 2.3 inamfaa, tena labda yeye kuliko wote, maana itamwonyesha kwamba 2.7 ipo karibu kuliko hofu inavyomwambia.

Wenzetu wa Kenya wanahesabu tofauti. Katika vyuo vyao vingi hutumika wastani wa asilimia, 70 kwa Daraja la Kwanza na 60 kwa la Pili la Juu. Ukweli wa ndani haubadiliki: kila muhula unaopita unabeba sehemu ya wastani ambayo hairudi mezani.

Ndani ya muhula wenyewe kuna mlango mwingine wa mapema. Kozi nyingi hugawanywa alama 40 za majaribio na kazi za darasani, na 60 za mtihani wa mwisho, ule tunaouita UE. Mwanafunzi anayeingia UE akiwa na 28 kati ya 40 anahitaji 42 kati ya 60 apate A ya alama 70. Anayeingia na 18 anahitaji 52. Wa kwanza anaweza kukosa swali zima na bado akatoka salama. Wa pili anaingia chumbani akiwa hana ruhusa ya kukosea, na mtu asiye na ruhusa ya kukosea mkono humtetemeka. Zile 28 hukusanywa kuanzia wiki ya tatu au ya nne, wakati maktaba ina viti vitupu na hakuna anayezungumzia mtihani. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa China, ina nafasi za wasomaji zaidi ya 2,000. Wiki ya tatu unachagua dirisha unalotaka. UE ikikaribia utazunguka na begi mgongoni ukitafuta kiti.

Nilipoyaweka matokeo yangu kando ya daftari ninaloandikia saa za wiki, nilichokiona kilinishangaza. Kozi nilizofanya vizuri zaidi hazikuwa zile nilizozipa saa nyingi kwa jumla. Zilikuwa zile ambazo saa zake zilianza mapema na kurudi kila wiki, hata kama ni chache. Nilidhani ni mambo yangu binafsi, mpaka nikakutana na utafiti wa Bruce Britton na Abraham Tesser, uliochapishwa mwaka 1991. Waliwauliza wanafunzi 90 wa chuo kimoja Marekani namna wanavyopanga muda wao, kisha wakangoja miaka minne, wakaangalia GPA zao. Tabia ya kupanga ya wanafunzi hao ilitabiri matokeo vizuri kuliko alama zao za mtihani wa kuingia chuoni. Na kupanga kulikokuwa na nguvu ni kule kwa muda mfupi, kwa siku na kwa wiki. Mipango ya muda mrefu haikuonyesha nguvu hiyo. Pamoja nayo kulikuwa na jambo la pili: kujiona kwamba wewe ndiye mwenye muda wako, kwamba unaweza kukataa ukiitwa.

Nimelifikiria sana hili la wiki. Siku ni fupi mno kubeba mpango. Umeme ukikatika au mwalimu akihamisha kipindi, mpango wa siku umekufa na wewe umevunjika moyo. Muhula nao ni mrefu, na mtu mwenye wiki 15 mbele yake hujiona tajiri. Wiki inavumilia. Jumanne ikiharibika, Alhamisi inaweza kuifidia, na Jumapili jioni unakaa chini kuhesabu kilichofanyika na kisichofanyika, kosa likiwa bado dogo.

Katika kikao hicho cha Jumapili, andika kazi inayoonekana. "Kusoma uchumi" haionekani. Hutajua umeimaliza lini, kwa hiyo utaiacha ukichoka. "Kufanya maswali kumi ya mwisho wa sura ya tatu, bila kutazama majibu" inaonekana. Iandikie mahali na saa. Wanafunzi Waislamu wanaosali kwa wakati wana siku iliyokwisha kugawanywa vizuri: kati ya adhuhuri na alasiri kuna kipande cha saa tatu hivi kinachotosha kazi moja nzito, na kina mwanzo na mwisho ambao hakuna rafiki atakayebishana nao. Nimewaona wengine, Wakristo kwa Waislamu, wakikitumia kipande hicho hicho pamoja kwenye kimbweta kimoja, simu zikiwa zimewekwa katikati ya meza, hakuna anayegusa.

Lakini nilisema saa 72 zinambakia anayeishi jirani na chuo, na sitaki msomaji wangu wa Mbagala au Gongo la Mboto adhani nimemsahau. Mabweni ya Magufuli yaliyofunguliwa Mlimani mwaka 2017 yanachukua wanafunzi 3,840, na kuna Mabibo na kumbi za zamani, lakini bado wengi hupanga mtaani au hukaa kwa ndugu. Anayetumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, siku tano, ametoa saa 20 barabarani. Hiyo ni nusu ya wiki nzima ya masomo, na analipia nauli juu yake. Akipata 3.4 na mwenzake wa bweni akapata 3.6, mimi siwezi kusema nani amesoma zaidi. Mwendokasi iliyoanza mwaka 2016 imewaokoa walio kwenye njia ya Kimara. Wengine bado wananing'inia.

Na kuna wanaokaa kwa ndugu, hasa mabinti. Nyumbani, mtu anayeonekana ameketi anahesabiwa hana kazi. "Mwanangu, kwani leo hamna chuo?" Ukijibu hamna kipindi, umepata sufuria, mtoto wa kuogesha na safari ya dukani. Mama mdogo hana ubaya. Kwake kusoma ni kwenda darasani, maana ndivyo ilivyokuwa shuleni. Anachohitaji ni kuambiwa mapema, kwa adabu, na kwa siku zinazotajika: "Mama mdogo, shikamoo. Muhula huu Jumanne na Alhamisi nitarudi saa mbili usiku, nina kazi maktaba. Jumamosi nipo, sokoni na kufua niachie mimi." Namjua binti mmoja aliyesema maneno ya namna hiyo na nyumba nzima ikayashika, mjomba wake ndiye aliyekuwa akimkumbusha siku za maktaba. Wanaotulea wanatutakia mema. Ratiba yetu hawaioni kwa sababu hatujawaonyesha.

Bumu nalo lina mkono wake katika muda wetu. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, hutoa fedha za chakula na malazi kwa mafungu, na kila fungu lina msimu wake. Wiki za mwanzo bumu likiingia mtu anakula vizuri, analala vizuri, akili inashika. Wiki za mwisho anashinda na chai na anazunguka kutafuta pa kukopa, na kuzunguka huko ni saa. Kwa hiyo kazi nzito za muhula, ripoti ndefu na kazi za kikundi zinazohitaji kuchapishwa, zivute zije kwenye wiki zenye chakula. Nauli ya mwezi na fedha ya kuchapishia zitoke siku ya kwanza, kabla ya kiatu.

Anayekosa saa anaweza kupata zaidi ndani ya saa alizonazo, na hapa utafiti umetupa kitu cha thamani. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walichapisha jaribio kuhusu wanafunzi waliosoma vifungu vifupi vya maandishi. Kifungu kimoja walikisoma mara ya pili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakafunika karatasi na kuandika kila walichokumbuka. Baada ya dakika tano, kurudia kusoma kulishinda: asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Kilichorudiwa kusomwa kilikumbukwa kwa asilimia 42, kile walichojiuliza kwa asilimia 56.

Tazama maana yake kwa desturi yetu ya kukesha na madesa usiku wa kuamkia pepa. Kurudia kusoma kunakupa faida ya dakika tano, na ndiyo maana kunatudanganya. Unafunga daftari ukihisi unajua. Kujiuliza kunauma, kunakuonyesha usichokijua, na hudumu. Tena hakuhitaji meza. Umesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, huwezi kufungua kitabu, lakini unaweza kujiuliza: lekcha ya jana ilikuwa na hoja gani kuu? Fomula ile inaanzaje? Kwa nini Azimio la Arusha la 1967 lilifuatwa na utaifishaji wa benki siku chache tu baadaye? Ukikwama Ubungo hujui jibu, ukifika chuoni unajua cha kufungua kwanza. Katika zile saa 20 za barabarani, hata 4 zikitumika hivyo kila wiki, ni 60 kwa muhula. Sisemi kwamba zinafidia haki ya kuishi karibu. Nasema zipo.

Vikundi vya kujadiliana vinafaa kwa sababu hiyohiyo, vikiendeshwa vizuri. Kikundi kizuri ni kile ambacho kila mtu anafika akiwa amesoma, na mmoja anafundisha huku wengine wanamhoji. Watu wanne wanatosha. Zaidi ya hapo wawili hugeuka wasikilizaji na mmoja huja kusalimia.

Usingizi nautetea bila masharti. Ubongo unayakaza usiku yale uliyoyasoma mchana, na anayekesha siku tatu mfululizo kabla ya UE anaukatisha mchakato huo mahali pabaya kabisa. Zile 56 zisiguswe.

Mwaka wa mwisho unaleta mzigo wa namna yake, utafiti wa kuhitimu, na hapa ndipo hata waliojipanga vizuri huzama. Lekcha ina ratiba. Utafiti hauna kengele. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha uchunguzi kuhusu wanafunzi wa Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu ya mwaka wa mwisho. Waliwauliza itawachukua siku ngapi kuimaliza. Wastani wa makisio ulikuwa siku 33.9. Wakawauliza tena: na mambo yote yakienda vibaya kabisa? Wakasema 48.6. Ilichukua siku 55.5. Na waliomaliza ndani ya muda waliokisia hawakufika hata theluthi moja. Hawakuwa wavivu. Tunapokisia muda wa kazi, tunaiwaza ikienda sawa, hatua kwa hatua, na tunaacha kutazama kazi zetu za nyuma zilikwendaje.

Kinga yake ni daftari la saa za wiki. Mtu aliyeandika tangu mwaka wa kwanza anajua kwamba kazi ya kurasa kumi humchukua siku tisa, hata kama moyo unamwambia nne. Basi akisie utafiti wake kwa rekodi yake. Aongezee vitu ambavyo havimtegemei: barua ya kibali cha kukusanya data, mkurugenzi wa halmashauri aliyesafiri, wahojiwa wanaosema njoo kesho, dodoso zinazorudi nusu, flashi yenye kirusi. Nakala ya kazi ikae mahali patatu.

Na amweke msimamizi ndani ya ratiba. Msimamizi anasahihisha mitihani, anafundisha, ana wanafunzi wengine wa utafiti, na wote watamletea sura zao wiki moja. Anayepeleka sura ya kwanza wiki ya tatu ya muhula, hata ikiwa na kurasa nane zenye mapengo yaliyoandikwa wazi kwamba ni mapengo, atasomwa kwa utulivu na atapata maelekezo marefu. Akimkabidhi aseme, "Mwalimu, shikamoo. Hii ni sura ya kwanza, nakuomba unisaidie hasa swali la utafiti, kama linapimika. Nije lini kuichukua?" Siku atakayotajiwa aiandike palepale, kisha kati ya leo na siku hiyo aendelee na sura ya pili.